Aota iliyochanika na mgonjwa yuko kwenye shoki: mwongozo kamili kutoka mapokezi hadi grafti

Swali la aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, huja kwa simu karibu kila mara kwa sura ileile. Majeruhi wa ajali ya basi, yuko kwenye shoki, yaani damu haitoshi kulisha mwili, presha 70 kwa 40, CT inaonyesha aota imechanika kifuani. "Daktari, tuanze esmololi? Tumkimbize akawekewe stenti?" Ukiuliza tumbo likoje, simu inakuwa kimya kidogo, kisha unasikia mtu akiitisha mashine ya ultrasaundi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Neno aota linatisha, na likishatajwa kila mtu anasahau mengine. Aota inapopasuka wazi ndani ya kifua, karibu kila majeruhi hufa palepale kwenye ajali, hafiki kwako. Aliyefika akiwa hai amefika kwa sababu tabaka la nje la aota na tishu zilizoizunguka bado zimeshikilia damu. Kwa hiyo akiwa kwenye shoki, mara nyingi damu inavuja kwingine: bandama, ini, nyonga, mbavu. Mtuhumu kila mmoja wa hao kabla hujaituhumu aota.

Hatua ya 1 hadi ya 6 zinaihusu hospitali yoyote yenye damu na daktari wa upasuaji. Hatua ya 7 na ya 8 ni za timu yenye thieta ya eksirei na mtu aliyefunzwa kuweka grafti za aota, yaani stenti zilizovishwa kitambaa. Kusoma peke yake hakumfanyi mtu kuwa fundi wa kazi hiyo, lakini anayejua kinachofanyika kule humwandaa mgonjwa vizuri zaidi kabla ya kumpeleka.

## Vitu vya kuandaa

Chumba cha dharura

- Kanula mbili nene, za kijivu au za chungwa. Moja iwe mkono wa kulia. Sababu iko hatua ya 4.
- Damu, plasma na chembe sahani. Kama benki yenu inatoa damu nzima mbichi, hiyo inafaa sana.
- Asidi ya traneksamiki (dawa ya kulinda donge la damu lisiyeyuke) gramu 2, na kalsiamu.
- Ultrasaundi na eksirei ya kitandani.
- Mrija wa kifuani namba 28 hadi 32 na chupa yake.
- Mkanda wa nyonga, au shuka imara, au kanga.
- Blanketi na kifaa cha kupashia damu joto.
- Fentanili au mofini za maumivu, esmololi au labetaloli za kupunguza mapigo, nikadipini ya kushusha presha.
- Vifaa vya kupimia presha moja kwa moja ndani ya ateri.

Thieta yenye eksirei

- C-arm (mashine ya eksirei inayozungushwa juu ya meza) na meza inayopitisha eksirei, au chumba cha angio, yaani cha kupigia picha za mishipa.
- Grafti. Uwe na saizi unayoitaka, iliyo juu yake na iliyo chini yake.
- Ala za ateri, yaani mirija ya kuingilia mshipani, kuanzia Fr 5 (Fr ni kipimo cha unene wa mirija) hadi ile kubwa ya grafti yenyewe, ambayo huwa Fr 18 hadi 24.
- Waya mlaini, waya mgumu sana wenye urefu wa sm 260, na katheta ya pigteli (yenye ncha iliyojikunja) yenye alama za kupimia.
- Baluni ya kuziba ateri ya nyonga. Wengi huiacha stoo, kisha huikumbuka dakika ambayo hakuna muda wa kwenda stoo.
- Heparini ya kuzuia damu kuganda, na protamini ya kuibatilisha.
- Seti ya kufungua tumbo na seti ya kufungua kifua, zikiwa ndani ya chumba.

## Hatua ya 1: Tafuta damu inapotoka

Mtu mzima hupoteza damu ya kumtia shoki mahali patano: kifuani, tumboni, kwenye nyonga na nyuma ya tumbo, mapajani, na ile iliyobaki barabarani. Pitia pote patano, kwa mpangilio, kabla hujatamka neno aota. Ultrasaundi ya eFAST (ya haraka, ya tumbo, moyo na mapafu), eksirei ya kifua na eksirei ya nyonga zinatosha kuanzia, na hazihitaji kumtoa mgonjwa chumbani.

Yako pia matatu yanayoleta shoki bila damu nyingi kupotea. Hewa inayobana pafu na moyo: toboa kwanza, eksirei baadaye. Damu iliyoubana moyo: ultrasaundi itaiona. Uti wa mgongo uliokatika juu: presha iko chini lakini mapigo ni ya polepole na ngozi ina joto.

Lini uituhumu aota. Sikiliza jinsi ajali ilivyotokea. Magari yaligongana uso kwa uso au ubavuni, mtembea kwa miguu alirushwa na gari, au mtu alianguka kutoka ghorofani au mnazini. Mwili umesimama ghafla, aota imeendelea kwenda. Inachanika zaidi pale inapofungwa na kano, chini kidogo ya ateri inayokwenda mkono wa kushoto, yaani subklavia.

Mkaguzi mzuri hugundua mambo haya: maumivu katikati ya mabega, presha za mikono miwili zisizolingana, mapigo ya kinenani dhaifu huku mkono wa kulia ukiwa na presha nzuri. Kwenye eksirei ya mgonjwa aliyelala, kivuli cha katikati ya kifua kinazidi sm 8, kinundu cha aota hakionekani, mpira wa kulishia umesukumwa kulia, na kuna weupe kama kofia juu ya pafu la kushoto. Eksirei safi haiiondolei aota tuhuma. Ajali ikiwa kubwa, CT ifanyike hata kama picha ni nzuri.

Lini aota ndiyo yenye kosa. Pafu la kushoto limejaa damu, mrija umetoa zaidi ya ml 1,500 mara moja, au unaendelea kutoa zaidi ya ml 200 kila saa kwa saa 2 hadi 4, na kwingine kote ni safi. Mgonjwa wa namna hii ni wa thieta.

*Onyo:* kama upande wa kushoto umejaa damu na kivuli cha katikati ni kipana, weka mrija, lakini kwanza hakikisha damu imefika kitandani na thieta imeambiwa.

*Umefaulu ukiweza kusema:* "Anavuja hapa," au "Nimeangalia pote patano, ni kifua tu."

## Hatua ya 2: Zuia kwanza, jaza baadaye

Nyonga iliyovunjika ifungwe mara moja. Kanga mbili zilizokunjwa pamoja zinafanya kazi nzuri, ila mahali pa kufunga ndipo panapokosewa. Watu hufunga kiunoni, pale mkanda wa suruali unapokaa, na huko mkanda haubani kitu cha maana na unaweza kuifungua nyonga zaidi. Papasa ubavuni mwa paja, juu, hadi uguse kinundu cha mfupa wa paja. Hapo ndipo katikati ya kanga pakae, pande zote mbili, na magoti yafungwe pamoja. Ikunje iwe nyembamba ili vinena vibaki wazi. Saa chache zijazo mtu atahitaji ateri ya hapo.

Majeraha yanayovuja nje yakandamizwe au yashonwe. Mfupa wa paja uvutwe na kunyooshwa.

Kisha damu. Plasma, chembe sahani na chembe nyekundu kwa uwiano wa 1:1:1, au damu nzima. Maji ya dripu ni ya kuvukia tu wakati damu inaletwa. Lita tatu za maji ya chumvi huzimua vigandisho, hupoza mwili na kusukuma nje donge lililokuwa limeziba.

Traneksamiki gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 ndani ya saa 8. Ianze ndani ya saa 3 tangu ajali, zikipita, usiianze. Kalsiamu mapema, gramu 1 ya kloridi au gramu 3 za glukoneti, kwa sababu dawa inayozuia damu kuganda kwenye mfuko huila kalsiamu ya mgonjwa. Mfunike. Damu ya mtu aliyepoa haigandi hata umpe nini.

Lengo la presha hadi mvujo uzuiwe ni 80 hadi 90 ya juu. Akiwa na jeraha la ubongo, lengo linapanda hadi 110 au zaidi, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa haustahimili kukosa damu hata kwa muda mfupi. Kama hujui hali ya ubongo na mgonjwa hajitambui, mchukulie kuwa ameumia kichwa.

*Onyo la kwanza:* hakuna esmololi wala labetaloli hapa. Mapigo 130 ndiyo yanayomweka hai. Ukiyazima, umemmaliza.

*Onyo la pili:* baluni ya kuziba aota inayoitwa REBOA isiingizwe kama aota ya kifua inatuhumiwa. Inapandisha presha juu ya baluni, palepale palipochanika.

*Umefaulu ikiwa:* presha inabaki kwenye lengo hata ukipunguza kasi ya damu, mikono inapata joto, mkojo unatoka.

## Hatua ya 3: CT au thieta

Uamuzi huu ufanywe na mtu mmoja, kwa sauti.

Anayeitikia damu na kubaki ameitikia aende CT. Asiyeitikia na ultrasaundi inaonyesha damu tumboni aende thieta kufunguliwa tumbo, bila CT, hata kama kivuli cha kifua ni kipana kama mlango. Asiyeitikia, tumbo safi, nyonga imevunjika: nyonga ijazwe vitambaa kwa upasuaji au mishipa yake izibwe kwa angio, kulingana na kilicho karibu. Aota itasubiri. Imeshasubiri tangu barabarani.

Tumbo likiwa wazi na mna ultrasaundi ya umio, itumieni kuangalia aota huku wenzenu wakifunga bandama. Isitumike kama umio wenyewe umeumia.

## Hatua ya 4: CT inayosomeka

Nimeona CT nyingi zilizopigwa kwa haraka ambazo haziwezi kutumika kuchagua grafti, mgonjwa akarudishwa kwenye mashine mara ya pili akiwa na figo zilizochoka. Fanya hivi:

1. Dawa ya rangi iingie kupitia mkono wa kulia. Ikiingia kushoto, dawa nzito hukaa kwenye vena inayokatiza mbele ya tao la aota na kuchora mistari myeupe inayofanana na mchaniko, au kuuficha. Kanula ya kijani, penye kiwiko, ml 4 hadi 5 kwa sekunde.
2. Piga awamu ya ateri kutoka shingoni hadi kinenani, siyo kifua peke yake. Unahitaji kuona ateri za nyonga ambazo grafti itapitia.
3. Vipande viwe vya milimita 1 au karibu na hapo.
4. Andika presha ya mgonjwa wakati picha inapigwa. Mstari huo mmoja utaokoa kazi ya hatua ya 7.

Madaraja ni manne. La 1, tabaka la ndani tu limechanika. La 2, damu imeingia ndani ya ukuta. La 3, ukuta umetoboka na uvimbe umeshikiliwa na tabaka la nje. La 4, umepasuka, dawa inaonekana nje.

Kuna kinundu cha kuzaliwa nacho kinachokaa palepale, mabaki ya mfereji wa mtoto akiwa tumboni. Kina mabega laini yanayoteremka taratibu, hakina kipande cha ukuta kinachoning'inia, wala damu pembeni. Huyu siyo mgonjwa wa stenti.

## Hatua ya 5: Punguza kishindo, lakini kwa wakati wake

Kila pigo la moyo ni nyundo kwenye ukuta uliochanika. Kinachochana zaidi ni presha ikichanganyika na kasi ya pigo, ndiyo maana tunashusha vyote viwili. Lakini dawa hizi huanza pale tu mvujo mwingine umezuiwa na presha inasimama yenyewe bila kusukumwa na damu. Siyo dakika moja kabla.

Anza na maumivu. Mbavu sita zilizovunjika zinapandisha mapigo kuliko kitu kingine chochote. Mpe fentanili au mofini kwa vipimo vidogo, kisha pima tena. Wengine hawahitaji zaidi ya hapo.

Kisha kizuizi cha beta. Esmololi: mikrogramu 500 kwa kilo kwa dakika moja, ikifuatiwa na 50 hadi 200 kwa kilo kwa dakika. Ina uzuri mmoja mkubwa, ukiizima inaisha ndani ya dakika chache. Labetaloli: mg 20 polepole kwa dakika 2, rudia mg 20 hadi 80 kila dakika 10, isizidi mg 300. Lengo ni mapigo chini ya 80 na presha ya juu kati ya 100 na 120. Mapigo yakishashuka na presha ikabaki juu, ndipo uongeze nikadipini.

*Onyo:* haidralazini, dawa ya kushusha presha, ipo kwenye karibu kila wodi ya wazazi, na mkono wa muuguzi huifuata kwa mazoea. Hapa isitangulie. Inafungua mishipa, presha inashuka, moyo unajibu kwa kukimbia na kupiga kwa nguvu, na nyundo inakuwa nzito zaidi.

Presha ipimwe mkono wa kulia, na katheta ya ateri iwekwe huko. Donge la damu linaweza kubana ateri ya kushoto na kukupa namba ya uongo, na grafti yenyewe inaweza kuja kuifunika.

Mwenye jeraha la ubongo ana njia nyembamba: isishuke chini ya 110, isipande sana. Kwa huyu, kuziba aota mapema ni faida mara mbili, kwa sababu ukishaziba unaruhusiwa kuipandisha presha kadiri ubongo unavyotaka.

## Hatua ya 6: Panga foleni

Daraja la 1: dawa na CT ya kurudia ndani ya siku 2 au 3. Mengi hupona yenyewe. Daraja la 2: mengi huzibwa, na vituo vingine huyafuatilia kwa dawa yakiwa madogo. Daraja la 3: grafti, lakini si lazima usiku huu. Mgonjwa akishatulia na mapigo yakadhibitiwa, kuzibwa baada ya saa 24, tumbo na nyonga vikiwa vimeshughulikiwa, ni salama kuliko kumkimbiza akiwa baridi na damu isiyoganda.

Daraja la 4 halisubiri. Pia daraja la 3 lenye dalili mbaya: damu nyingi pafu la kushoto, donge kubwa linalosukuma viungo vya kifua, au miguu isiyo na mapigo huku mkono wa kulia ukiwa na presha juu.

Kama tumbo na aota vyote vinavuja, timu mbili zioshe mgonjwa kutoka kidevuni hadi magotini na zifanye kazi kwa pamoja. Kama haiwezekani, swali ni lipi linamuua kwanza, na kwa kawaida jibu ni tumbo.

Kama grafti haipo kwenu. Ulizia kabla ya ajali, siyo baada yake. Kuwa na mashine ya angio si kuwa na grafti ya aota rafuni, na hospitali nyingi huagiza kwa jina la mgonjwa. Uliza: grafti za kifua mnazo leo, saizi gani, nani anaweka, na usiku anapatikana? Uliza pia kama wenye mifupa na wenye moyo wako karibu. Dar es Salaam, kwa mfano, MOI (taasisi ya mifupa) na JKCI (taasisi ya moyo) ziko ndani ya eneo moja la Muhimbili, na kwa mgonjwa aliyevunjika nyonga hilo lina uzito.

Usimsafirishe anayevuja. Tumbo lifungwe, nyonga ibanwe, mrija wa kifua ushonwe vizuri, ndipo gari liondoke. Tuma diski ya picha zenyewe, kwa sababu karatasi ya majibu haipimiki. Dawa ya mapigo iende kwenye pampu na kizuizi kimeandikwa kwa kalamu nene: presha ikishuka chini ya 100, au 110 kwa mwenye jeraha la ubongo, izime. Kama hakuna pampu, labetaloli ya vipimo vidogo kutoka kwa mtu anayekaa pembeni yake ni bora kuliko dripu isiyo na mlinzi.

Upasuaji wa wazi upo bado, kwa kufungua kifua cha kushoto na kusaidia mzunguko wa damu chini ya mahali palipobanwa. Unahitaji heparini zaidi na hatari ya kupooza miguu ni kubwa zaidi, kwa hiyo ni njia ya pale grafti haifai au haipatikani na timu ya moyo ipo.

## Hatua ya 7: Pima, ukijua kwamba aota ya shoki inadanganya

Hili lina mitego kuliko kuweka kwenyewe.

Aota ya kijana ni laini na hutanuka. Damu ikipungua, inasinyaa. Tuseme CT ilipigwa presha ikiwa 75 na ukapima milimita 20. Ukiongeza asilimia 10 unachagua grafti ya 22. Kesho yake amejazwa damu, presha 120, aota ni milimita 23. Grafti yako sasa inaelea, damu inapita pembeni, na inaweza kuteleza.

Ukikimbilia upande wa pili nao una adhabu. Grafti iliyozidi sana hujikunja ndani kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, na kuziba damu ya mwili mzima chini yake. Grafti nyingi zilibuniwa kwa wazee wenye aota pana. Majeruhi wetu wengi ni vijana wenye aota nyembamba na tao lenye kona kali.

Kwa hiyo:

- Kama muda upo, rudia vipimo baada ya kumjaza damu. Ultrasaundi ya ndani ya mshipa ndiyo bora; kama haipo, tumia pigteli yenye alama mezani, presha ikiwa ya kawaida.
- Kama muda haupo na CT ni ya presha ya chini, elekea asilimia 20 badala ya 10.
- Pima kwa kukata pembe mraba na mstari wa katikati ya mshipa, si kwenye picha bapa tu.
- Soma karatasi ya mtengenezaji. Wengine hupima ndani kwa ndani, wengine nje kwa nje, na tofauti hiyo ni saizi nzima.

Ukuta usioumia wa kushikia juu ya mchaniko uwe milimita 20. Mara nyingi hautoshi bila kufunika subklavia. Katika dharura, ifunike; mkono kwa kawaida huishi kwa njia za pembeni. Ila angalia kwanza kwenye CT kama ateri ya uti ya kushoto, inayopanda kwenda ubongoni, ndiyo kubwa, kama mgonjwa ana baipasi ya moyo inayolishwa kutoka huko, au fistula ya dayalisisi mkono huo. Hao wanahitaji ateri hiyo ifunguliwe njia nyingine.

Urefu wa sm 10 hutosha wengi. Kufunika kifupi ndiko kunakolinda uti wa mgongo.

Mwisho pima ateri za nyonga. Ala kubwa inataka nafasi ya milimita 7 hivi au zaidi, na kwa msichana mwembamba aliye kwenye shoki haipo kila mara.

## Hatua ya 8: Weka

1. Osha kabla ya usingizi. Dawa za usingizi huangusha presha. Timu iwe imevaa, mgonjwa ameoshwa na kufunikwa, ndipo alale.

2. Ingia kwa ultrasaundi. Ateri ya kinena iliyosinyaa haipatikani kwa kupapasa. Toboa ukuta wa mbele, pale ateri inapopita mbele ya kichwa cha mfupa wa paja, upande usiovunjika. Upande wa pili, au kwenye mkono, weka ala ya Fr 5 kwa ajili ya pigteli.

3. Amua heparini kwa sauti. Mwenye aota peke yake apewe. Aliyetoka kufungwa bandama, au mwenye damu kichwani, apewe kipimo kidogo sana au asipewe kabisa. Ukiacha, fanya haraka na suuza ala mara kwa mara kwa maji ya chumvi.

4. Pita palipochanika kwa upole. Waya mlaini wenye ncha iliyojikunja, ukiutazama kwenye eksirei wakati wote. Katheta ifuate hadi aota inayopanda. Ndipo ubadilishe kwa waya mgumu *kupitia ndani ya katheta*. Waya mgumu usitembee peke yake ndani ya aota hii hata sm moja. Ncha yake ikae juu ya vali, isiingie moyoni, na mtu mmoja ashike mkia wake asiuachie.

5. Fungua tao. C-arm izungushwe kushoto mbele, nyuzi 45 hadi 60, kwa kufuata CT. Zuia pumzi, piga dawa, weka alama kwenye skrini: karotidi (ateri ya shingo) ya kushoto, subklavia, mchaniko. Kuanzia hapo meza haisogei.

6. Achia. Presha ya juu iwe 80 hadi 100 ili damu isiisukume grafti mbele. Kwa aliye kwenye shoki tayari iko hapo. Usiongeze dawa ya kushusha. Grafti ikae imelala kwenye ukuta wa ndani wa kona. Ikibaki wazi kama mdomo wa ndege, damu itapita chini yake.

7. Usiipulize kwa baluni bila sababu. Kama dawa bado inavuja pembeni ndipo upulize, ndani ya grafti tu, taratibu.

8. Toa ala, waya ubaki. Hapa watu hushangilia mapema. Ala iliyobana inaweza kutoka na ateri ya nyonga juu yake. Ilikuwa imeziba tundu. Inapotoka presha inaanguka ghafla. Ukiwa na waya ndani, unapandisha baluni na kuziba ndani ya dakika moja. Ukiwa umeshautoa, unafungua tumbo kwa kubahatisha. Ngoja dakika kadhaa, mwulize wa usingizi presha, piga picha ya nyonga, kisha utoe waya na kufunga.

*Umefaulu ikiwa:* picha ya mwisho haionyeshi dawa nje ya grafti, karotidi inajaa, mapigo ya miguu yote yanapapaswa, na tofauti ya presha kati ya mkono wa kulia na miguu imetoweka.

## Hatua ya 9: Baada ya grafti

Acha presha ipande. Kumshikilia mgonjwa kwenye 100 wakati aota imeshazibwa kunanyima ubongo na uti wa mgongo damu bila faida.

Akiamka, kitu cha kwanza ni miguu: "Kunja goti. Sukuma mkono wangu." Andika saa na jibu, rudia kila saa siku ya kwanza. Miguu ikidhoofika, pandisha presha ya wastani hadi 90 au zaidi, hakikisha hemoglobini haiko chini, na mfikirie kumtoa maji ya uti. Mkono wa kushoto uwe na joto na vidole vichezeke. Mkono ukiwa wa baridi, au akipata kizunguzungu anapoutumia, mpigie wa mishipa.

Aspirini hungoja hadi wa tumbo na wa kichwa waseme hatari ya kuvuja imepita. Figo ziangaliwe siku 3, dawa ya rangi ilikuwa nyingi.

CT ya kufuatilia ni mwezi 1, miezi 6, mwaka 1, kisha kila mwaka au kwa nafasi zaidi kama yote ni sawa. Dereva wa bodaboda wa miaka 24 akishatembea harudi kliniki. Chukua namba za simu za ndugu wawili, na andika kwenye kadi yake kwa lugha anayoisoma kwamba ana grafti kwenye aota, saizi yake na tarehe. Atakapokuja na jambo jingine miaka mingi baadaye, kadi hiyo ndiyo itakayosema.

Mweleze pia, na ndugu zake, dalili za kurudi mara moja: maumivu mapya ya kifua au mgongo, homa isiyo na sababu, kukohoa damu au kutapika damu hata kidogo. Hilo la mwisho liandike kwa wekundu. Grafti inaweza kutoboa njia kuelekea umio au mapafu, na mvujo mdogo wa asubuhi hutangulia ule mkubwa. Apigwe CT ya aota kabla mtu yeyote hajamwingiza kamera ya tumbo.